Kikombe ya Sista wa Pili

Mama,

Pokea salamu zangu kutoka huku Mogogosiek. Mgongo yako inaendeleaje? Na ile ng'ombe ya hasira, imezaa ama bado inakupiga mateke tu? Sisi tuko wazima. Bibi yangu Moraa, tumbo imekuwa kubwa mpaka mlango yetu anapita upande-upande, lakini ukimwambia hivyo, siku hiyo unalala nje. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu nikitaja hospitali unaanza kulia, halafu unakata.

Unajua venye mashine ya kuchuma chai ilitutoa kazi, nikaanza kuuza uji kwa mlango ya maternity. Mwanaume na flask ya uji katikati ya wamama! Wiki ya kwanza walinicheka, sai wananiita Uji, na nikichelewa wanauliza niko wapi. Hapo ndipo Moraa atajifungua mwezi ujao. Shida ni kwamba sista ni mmoja tu, Sista Chebet. Yeye anapima wajawazito, yeye anazalisha, yeye tena anaangalia watoto wachanga. Wamama wawili wakishikwa na uchungu pamoja, mmoja anaambiwa angoje, na mtoto akitaka kutoka hajui kungoja. Nimeona mama akizalia kwa benchi, Mama. Nikaapa Moraa hatazalia kwa benchi.

Sasa, mwezi iliyopita akakuja madam mmoja wa kaunti. Kazi yake ni kukaa kwa kona na saa, anaangalia sista anafanya nini na inamchukua muda gani, ndio aseme wodi inataka masista wangapi.

Na sisi, tukisikia mgeni amekuja, si tukaanza kupanga nyumba! Mimi nikabeba maji. Kuna nyanya mmoja Mkipsigis analinda binti yake hapo, tunamwita Kogo. Yeye akapakata watoto wa watu. Wamama wakaambiana, "Msiite sista ovyo-ovyo, msimwaibishe." Sista mpaka akakaa chini, akakunywa uji ikiwa moto. Tulifurahi utadhani tumeshinda mechi.

Jioni madam akanunua uji kwangu, akasema, "Nyinyi hapa mko sawa. Sista mmoja anatosha, hata nimeona amepumzika."

Niliweka flask chini. Nikamwambia, "Madam, leo umepima sisi. Maji ilibebwa na nani?"

"Si wewe?"

"Na mimi ni sista?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kesho narudi. Kila mtu afanye kazi yake tu."

Sista aliposikia, alinikasirikia vibaya. "Kwani Uji, unataka wanione nikishindwa?"

"Nataka waone umebeba mzigo ya watu watatu, Sista."

Akafunga nywele yake upya. "Basi kesho usiguse hata ndoo."

Mama, hakuna kazi ngumu kama kukaa. Huyu anaita huku, yule anatapika kule, mtoto analia, na Sista anakimbia amevaa gloves mkono mmoja. Kogo alikuwa amekalia mikono yake yote miwili. Nikainuka, akanivuta na shati. "Kaa chini, wewe! Bibi yako anataka sista, hataki ndoo." Nikakaa. Shukuru Mungu hakuna mtu aliumia, lakini uji ya Sista ilishika ngozi ndani ya kikombe hapo kwa meza mpaka jioni. Madam akifunga kazi akaangalia hiyo kikombe, akasema, "Na hiyo pia nimeandika."

Ripoti ilienda, na inasema wodi iongezwe sista. Lakini ripoti haizalishi mtu, kwa hivyo kila Jumatatu naenda ofisi ya kaunti na flask yangu. Mkubwa akiniona anashika kichwa: "Uji, umerudi tena?" Namwambia, "Nimerudi, boss. Tumbo ya Moraa haina reverse." Jumatatu hii alicheka mpaka akapiga simu nikiwa hapo, akaniambia kabla mwezi iishe watapata mtu. Nikamwambia asante sana, na Jumatatu ingine nitakuja kumwamkia.

Kuja, Mama, ukae na sisi. Jirani atakuangalilia ng'ombe, hiyo ni kama ako na roho ngumu. Kogo amesema anataka kuona mwanamke aliyezaa mtu mwenye maneno hivi. Salimia dada yangu mkubwa, na umwambie sijasahau vile alinibeba mgongoni nikimvuta nywele. Salimia mjomba fundi wa baiskeli, na mchungaji wetu, asiache kuombea Moraa.

Kitu ya mwisho. Nimenunua kikombe ingine, nyekundu. Kila asubuhi naweka vikombe viwili kwa dirisha ya wodi, moja ya Sista Chebet na hiyo. Mtu akitaka kununua hiyo nyekundu namwambia hapana, iko na mwenyewe, ako njiani.

Ni mimi mtoto wako asiyenyamaza,
Ombati