Maji ya Mndimu wa Baba

Jumatatu, 12 Januari 2026

Ncha za majani zimeungua. Si moja wala mbili! Nimehesabu thelathini na saba, nikaacha.

Mndimu wa Baba una miaka ishirini na miwili na haujafika magotini mwangu. Unakaa kwenye chungu kipana mfano wa sinia, hapa uani, juu ya kiti. Naam, mti una kiti chake — wageni husimama. Baba alipoondoka wiki tatu zilizopita kwenda India kutengenezwa moyo, aliubusu mti. Mimi alinigusa bega. "Lamis, usiusahau." Basi. Mimi ni mwanawe wa pekee, nimeagwa kama mlinzi wa zamu!

Alituachia dumu moja la maji, akasema ni ya mti. Mama akayapikia pilau la wageni waliokuja kumuaga. Adai maji yalikuwa matamu ajabu, kila punje ya wali imesimama peke yake. Mfereji nao haujatoa tone tangu siku hiyo, nikawa namwagilia maji ya kisima chetu. Maji ni maji, nilidhani.

Jioni Baba kapiga simu ya video. Salamu nusu nusu, kisha: "Nionyeshe mti." Nikamwonyesha upande mzuri. Daktari kaonya asishtuliwe kabla ya upasuaji, Jumanne ya wiki ijayo. Presha ikipanda wanaahirisha — na wameshaahirisha mara mbili. Moyo wa babangu sasa unaning'inia kwenye majani ya ndimu.

Hata zile adhuhuri zake nazikosa. Kila siku akija dukani kwangu Biashara Street na chupa yake ya chai, akakaa mlango wa nyuma nusu saa, asinisemeshe. Nilikuwa nikiona haya mbele ya wateja wa kanga. Sasa mlango uko wazi na hakuna mtu.

Jumatano, 14 Januari

Kioko, mpangaji wetu wa juu, ni fundi wa mashine za kuchuja maji. Kateremka na kipimo chake, kijiti kinachoonyesha chumvi kwa namba. Maji ya kunywa ya dukani: tisini. Akatumbukiza kwenye ndoo ya kisima: elfu mbili na mia nne!

"Dada Lamis, hii si maji. Hii ni supu, imekosa nyama tu."

Chumvi ndiyo inayouchoma mti. Kafunga mashine jikoni, mabomba matatu meupe. Maji yakatoka yanasoma kumi na mbili. Nilitaka kumkumbatia — nikaikumbatia mashine. Ila kila jagi moja safi, mashine inatema majagi matatu ya chumvi tupu. Hayo tunaogea. Mama kanuna. Ati mti unakunywa matamu, yeye anaoga yaliyokataliwa na mti.

Ijumaa, 16 Januari

Balaa! Mama ameamua mti umepatwa na jicho la husuda. Wale wageni wa pilau waliusifu na hakuna hata mmoja aliyesema mashallah. Kwa hivyo kaenda kwa Maalim Khubaib, kaandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani saba, zikaoshwa, zikatiwa kwenye chupa saba, siku saba. Na zimeoshwa kwa maji gani? Ya kisima cha msikiti! Nikiwa dukani kashamimina mbili pamoja chunguni, "upate nafuu upesi."

Kioko akalipima kombe. Elfu tatu na mia moja. Yeye ni Mkristo, hakujua aseme nini mbele ya kombe. Akavua kofia.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemwambia Mama tulichuje kombe. Kanitazama kama nimekunywa kitu. Tukaenda kwa Maalim.

Kasikiliza kwa adabu zote. Akauliza: "Na hayo yanayotemwa, binti, huenda wapi?"

Nikasema: bafuni.

Astaghfirullah! Kombe halimwagwi pachafu. Ni kunywewa, au kumwagwa kwenye udongo safi. Sasa nyumba yetu ni mawe na saruji kutoka mlangoni hadi darini. Udongo uko mahali pamoja tu. Kwenye chungu cha mndimu! Yaani chumvi niitoe kwenye mti, kisha niirudishe kwenye mti, kwa heshima. Maalim mwenyewe alicheka hadi akakohoa.

Kioko kajitolea kuyabeba akayamwage kwenye miti ya bustani ya Mama Ngina, ufukweni. Mama akang'aka: "Kombe langu likaponye minazi ya serikali?"

Mwishowe chupa tano anazinywa mwenyewe. Leo kanywa mbili, kwa hasira. Chumvi yote hiyo, na yeye pia ana presha.

Jumatatu, 19 Januari

Yamebaki majani kumi na moja. Baba alitaka kuuona nyuma. Nikasema mtandao mbovu. Naogopa. Naogopa sana.

Jumanne, 20 Januari

Saa mbili asubuhi, simu. Baba kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya plastiki kichwani. "Nionyeshe mti. Pande zote." Nesi kasimama nyuma yake. Ningefanya nini? Nikauzungusha. Yamebaki majani tisa.

Akauliza lile dumu liko wapi. Nikasema: pilau.

Nikajua nimemuua. Kisha akacheka! Mashine zikaanza kulia huko, nesi akamwinamia haraka.

"Mumewalisha watu maji ya eisi, mashine ya baridi! Yale yanayodondoka nyuma ya duka lenu, hayana chumvi hata chembe. Kwani wewe wadhani nilikuwa nikija kunywa chai?"

Nesi akamnyang'anya simu.

Nilikasirika hadi nikalia. Basi hata zile adhuhuri zilikuwa za mti!

Saa nne. Niko nyuma ya duka, kwenye kiti chake cha plastiki, chupa ya chai chini ya mpira unaotoa maji ya eisi. Tone. Tone. Kioko kaja kupima: tisa. Baba yuko chumba cha upasuaji; presha ilishuka, wameshaanza. Simu iko pajani.

Nimekuja huku nimeangalia juu. Kutoka kwetu mpaka hapa nimehesabu eisi kumi na nne zinazodondosha maji. Ya kwanza iko mlango wa pili kutoka wetu. Mzee mwenye moyo mbovu alizipita zote, jua la adhuhuri, kila siku.

Na kiti hiki hakikuwekwa kuelekea mpira. Kimeelekea mlango. Ukikaa hapa huoni chochote ila kaunta, na nyuma ya kaunta, stuli yangu.

Chupa imefika nusu. Simu inaita. Nambari ya India. Mkono umelowa, kioo cha simu hakishiki kidole —