Joho la Minista

Sachangwan,
Molo.
9 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Wamaitha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya nyumbani, ambayo bado inauma masikio vile ulivyoiacha. U hali gani, na shemeji na watoto? Sisi huku ni wazima. Mama ana nguvu kunishinda. Jana alipalilia viazi tangu asubuhi na bado akanisuta kwamba nashika jembe kama karani.

Najua umeshangaa kukuta joho jeusi ndani ya kifurushi. Tulia nikueleze.

Siku uliyonitumia ujumbe kwamba umefanywa minista, Mama alikuwa jikoni akimenya minji. Nikamsomea. Unajua katika kanisa letu minista ni mchungaji tu, hakuna mwingine. Bakuli likamponyoka. Miaka kumi na minane amekataa kusema nawe, kwa sababu kanisa lilikutuma Uingereza kusomea uchungaji nawe ukaacha chuo ukaingia siasa za huko huko. Udiwani wako hakutaka kuusikia. Ulipoanguka kura mara mbili, alisema umepata ulichotafuta. Ulipoingia bungeni, gazeti nililomletea alifungia mayai. Lakini siku hiyo aliimba mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba Wamaitha amerudi kwa Bwana. Akina mama walicheza hadi benchi moja likavunjika, na mbuzi akachinjwa. Kisha akaagiza joho kwa Zeddy, yule fundi wa nguo wa Salgaa. Kwa kuwa wewe uko mbali, nilipimwa mimi, ati tumefanana mabega. Nilisimama nje ya kibanda nikizungushwa utepe kifuani, na madereva wa malori wakiniuliza harusi yangu ni lini.

Sasa dada, nitubu. Wewe uliandika minista wa reli. Yale maneno mawili ya mwisho niliyameza makusudi. Nilitaka nimsikie akitaja jina lako kwa furaha, hata mara moja, na nilipomsikia sikuweza kumrudisha nyuma.

Jumatatu dhamiri ikanishinda, nikamweleza kwamba wewe ni waziri, na kazi yako ni treni. Alimenya minji bakuli zima. Mwishowe akauliza kama treni hizo hufika kwa wakati. Nikajibu kwamba nasikia huchelewa, na watu wanakulalamikia wewe kila siku. Mama akasema basi joho litumwe hivyo hivyo, maana mtu anayelalamikiwa na watu wengi namna hiyo ni mchungaji tu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni, nami nikalia pamoja naye.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na majirani wote wa huku wanakukumbuka kwa upendo. Kifurushi kikifika, nijulishe siku hiyo hiyo. Mama ameniomba namba yako. Anataka kupiga mwenyewe, akuulize kama mikono ya joho inakufika.

Ni mimi kaka yako,
Hiram