Meno ya Babu na Lafudhi ya Kale

Jumapili, 3 Februari
Sijamwambia mtu: meno ya bandia ya Babu hayakupotea. Niliyakalia! Yalikuwa kitini, ndani ya leso. Vipande nikavizika nyuma ya bafu. Miezi mitatu sasa.

Babu ndiye msomaji wa sala katika sinagogi letu hapa mjini Alibag. Tangu siku ile "Shabati" imekuwa "Shabathi", "Yisraeli" ni "Yithraeli". Kamati ilishataka kumstaafisha. Mwenyekiti, Mjomba Navgaonkar, alisema Mungu mwenyewe sasa anahitaji mkalimani.

Jana akaja Dakta Nurit, mtaalamu wa matamshi kutoka Yerusalemu. Alipomsikia Babu, machozi yakamlenga. Hiyo "th", alisema, ni hazina ya karne nyingi. Hazina! Pengo tu.

Jumatatu, 4 Februari
Dakta kaja nyumbani na kinasa sauti. Hajui Kimarathi, lugha yetu ya nyumbani; Babu hajui Kiingereza, na Kiebrania chake ni cha sala tu. Basi mimi — nionaye haya hata kumkaribisha mgeni chai — nikawa mkalimani. Aliuliza Babu kaipata wapi lafudhi hiyo.

"Mwambie meno yangu yamepotea, mjukuu wangu," Babu akasema. "Nikipata mengine nitasoma vizuri."

Nikatafsiri: "Anasema aliirithi kwa baba yake."

Sijui ilitoka wapi. Dakta akaandika. Babu akamtabasamia kwa ufizi mtupu.

Jumatano, 6 Februari
Dakta kaisomea Kamati alichoandika; sasa imegundua kuwa sisi ni watu wa kale. Babu hastaafu tena. Mjomba Navgaonkar, mwenye meno yake yote thelathini na mawili, leo kasali kwa "th". Shangazi Sarai kaijaribu, kajing'ata ulimi.

Babu kaninong'oneza, "Hawa nao wamepatwa na nini?"

Ijumaa, 8 Februari
Haraka — taa za Sabato karibu ziwashwe, na zikiwaka hatuandiki. Mjomba kapita: kesho Babu asimame mbele ya wote aeleze asili ya lafudhi yetu. Kwa Kimarathi! Hapo mkalimani hana kazi. Na Babu hasemi uongo, hata juu ya mapishi ya Mama. Atasema meno. Watacheka, kisha watampa kiti cha nyuma, yeye ambaye huamka alfajiri kwa ajili ya kusoma tu.

Lazima ajue leo. Nianze na lipi, uongo niliomtafsiria Dakta au meno niliyoyakalia?

Ndara zake ngazini. Anaita, anataka nimsaidie kupanga maneno ya kesho. Daftari chini ya godo—