Firigisi ya Mzee Wafula

Kitale, Jumanne

Na bado niliila yote.

Ua wa umeme wa Mzee Wafula, kule Bungoma, unakufa kila mvua ikinyesha. Ng'ombe walitoka wakamaliza mahindi ya jirani. Mzee akamfukuza Barasa, mchungaji wake, ati alikuwa anasahau kuwasha stima.

Leo nilienda kwake nikavunja kikombe kimoja cha kauri kati ya vile nilivyomuuzia, vya kushikia waya kwenye nguzo ili stima isivuje. Ndani chembe zake ni kubwa kama sukari, na zilifaa kuwa laini kama unga. Nilijua mara moja. Siku ya kuvichoma nilikawia kwenye mazoezi ya kwaya, moto wa tanuri ukapitiliza, chembe zikanenepa na kuacha mianya. Maji yakiingia humo, stima inateremka kwenye nguzo mpaka ardhini.

"Umeona nini, fundi?"

"Ni hii mvua, Mzee. Nitakuletea vingine."

Mke wake alikuwa amechinja kuku. Mzee akachukua firigisi, ambayo ni ya mwenye boma, akaiweka kwa sahani yangu.

"Kula. Wewe ni mtu wa ukweli, si kama yule Barasa."

Barasa amerudi kwao Malakisi bila kazi. Mimi nimeshiba.