Wamenisubirisha, Hawajanikataa

Jumamosi. Tangu asubuhi upepo unavuma hapa Nangara, vumbi limeingia hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Hadi leo kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Vyuo vyote viwili vya biashara nilivyoomba vilishanijibu. Sijachaguliwa, wala sijakataliwa. Nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri; watanichukua iwapo baadhi ya waliochaguliwa hawatakwenda. Kila mama akiniuliza, nilikuwa nikisema mtandao unasumbua. Aliamini, kwa sababu mtandao husumbua kweli.

Niliona aibu. Waliokuwa wakiazima madaftari yangu kidato cha sita wamechaguliwa.

Leo mchana mama na mimi tulikuwa tunakaanga perege kwenye meza yetu ya samaki kando ya barabara, simu ikaita. Alikuwa baba mdogo, kutoka Arusha. Tangu baba afariki, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwetu. Mikono ya mama ilikuwa na mafuta, akaniambia niiweke simu mezani na kufungua spika.

"Anjela, nimekupatia nafasi ya uuguzi. Jumatatu unaripoti."

Mama akapiga vigelegele. Hata mteja wetu mmoja, dereva wa bodaboda, akadakia, "Hongera nesi! Mimi sindano uje unichome taratibu."

Wauguzi nawaheshimu sana. Lakini mimi nataka biashara. Nimeitaka tangu nilipoanza kujiuliza kwa nini siku za mnada tunamaliza samaki wote, na bado hatusogei.

Maisha yangu yote sijawahi kumjibu baba mdogo zaidi ya "ndiyo, baba."

"Ahsante, baba mdogo," nikasema. "Lakini siendi."



"Unasemaje?"

"Siendi. Vyuo vya biashara vimeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Nitasubiri."

"Kusubiri nako ni kazi?" Akakata simu.

Mama alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Kumbe mtandao ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mama. Nisamehe."

Nilitegemea anifokee mbele ya wateja. Akanipa kijiko cha kukaangia. "Geuza samaki, wanaungua. Baba yako mdogo nitaongea naye mimi. Na hao wa vyuo wasipokuchukua?"

Niligeuza samaki kwanza. Jibu ninalo sasa.

Wasiponichukua, nitaomba vyuo vingine awamu ya pili ikifunguliwa. Navyo vikinisubirisha, nitaomba tena mwakani. Nafasi ya uuguzi apewe msichana anayeililia, maana yupo. Orodha ile inasema wengine watangulie. Haijasema popote kwamba mimi siwezi, na sitawasaidia kusema hivyo.

Jioni hii shangazi ameshapiga. Anasema baba mdogo anawatangazia ndugu kuwa nimeota mapembe.

Sawa. Mwacheni aamini hivyo. Mwenye mapembe hasukumwi ovyo.

Ila wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali, hili libaki kati yetu: nilipokuwa nasema "siendi," niliishika ile meza kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa naogopa.