Mito ya Esta Juu ya Matenga ya Nyanya

Kamwene, mwanangu Faustina, mshauri wa gazeti. Hapa Ilula mwanaume asiyemwogopa mke wake ni mmoja tu, ndiye mimi. Hapana, nimedanganya, ningekuwa hivyo nisingekuandikia. Naomba msaada kabla Esta hajarudi.

Esta mke wangu yuko Mbeya kwa binti yetu Goodness, na siku anaondoka alisema, "Eliezeri, mito ya makochi isitoke sebuleni," nami nikaitikia kama kwaya, lakini wazee wa bao tunakaa barabarani juu ya matenga matupu ya nyanya, na tenga halina huruma na makalio ya mtu wa miaka sabini na moja, basi nikatoa mto mmoja, Filemoni akaona wivu, ukatoka wa pili, mwisho yote sita ikawa inashinda nje, halafu juzi mvua ikatukurupusha, kila mzee akaokoa kichwa chake, mito ikanyeshewa mpaka asubuhi, uozo wa nyanya ukaingia kwenye kava alizoshona mwenyewe, nikaianika juu ya moto jikoni, sasa inanuka moshi na ukungu, nimeirudisha kwenye makochi doa chini, vitambaa vyeupe juu, ila ukikaa unasikia maji yanakuja.

Jumamosi ya wiki ijayo Esta anakuja na wazee wa Lutengano, mchumba wa Goodness, kujitambulisha. Wanyakyusa wa suti, mwanangu. Wakiinuka suruali zimelowa, binti yangu ataolewa na nani? Kila jioni Esta anapiga simu, "Mito yangu haijambo?" Nasema haijambo.

Basi lenu lilipoharibika hapa nilikuwekea mto usikae kwenye tenga tupu, ukasema wema huo utaulipa. Sasa lipa: andika kwamba mito niliitoa kwa ajili yako.

Eliezeri, Ilula

*

Mzee wangu Eliezeri, pole, na uone aibu. Nakumbuka. Nilikalia mto mmoja nusu saa, sketi yangu ikafika Iringa na mbegu za nyanya. Mitano mingine mlikalia nyinyi, usinibebeshe.

Sponji ya sebuleni inakunywa mvua kama wewe unavyokunywa ulanzi, na kuacha haijui. Vua kava leo, zifue kwa maji baridi. Sponji zisuuze, zikandamize maji yatoke, usizisokote, kisha zisimamishe penye upepo. Moto usiusogelee. Yenye ukungu itupe, ukakate mpya. Kwa bao lenu, jaza gunia maganda makavu ya mahindi, na Filemoni aje na lake. Jumamosi ikifika hazijakauka, azima viti vya plastiki kanisani. Mkwe hakatai binti kwa sababu ya kiti kikavu.

Lakini kwanza mpigie Esta. Akiyagundua mwenyewe, atayagundua mbele ya wakwe, ameshika chupa ya chai, na hapo mimi sina ushauri.

Jina lako ningelificha, ila mito yake angeijua tu. Wema wako naulipa hivi: gazeti hili linafika Ilula asubuhi, Mbeya linafika saa nane mchana. Una nusu siku, baba. Chukua simu.