Mtoto Niliyemfundisha Asijisifu

Jumatano. Upepo wa Tunduma leo umebeba vumbi lote la malori ukaja kulimwaga huku Chapwa, kwenye sahani zangu. Nimechoka. Mwili umechoka, mdomo umechoka zaidi. Shule sikwenda, kwa hiyo mimi naongea, simu inaandika. Ikikosea, ilaumuni yenyewe.

Mjukuu wangu Tumaini anaomba kusoma masta ya kilimo. Mwaka jana aliomba, wakamkataa. Safari hii kajipanga mapema. Vyeti kavifuata mwenyewe, walimu wake wawili wamekubali kumwandikia barua za kumpendekeza, na yule anayemtaka awe msimamizi wake alishamwandikia kumuuliza siku hizi anachunguza nini. Kilibaki kitu kimoja, ukurasa wa kujieleza. Maombi yanafungwa Ijumaa.

Ukurasa mmoja tu. Ndio umetumaliza.

Asubuhi tulikuwa tunachambua maharage, mmoja wa wale walimu akapiga simu. Alikuwa ametumiwa ule ukurasa ausome kwanza. Tumaini akaweka spika.

"Tumaini, wakulima wa Isongole nimewafahamu wote. Wewe sijakufahamu hata kidogo."

Nikamwambia nisomee na mimi. Akasoma. Kweli bwana! Wazee wa Isongole, kule alikofanyia utafiti wa mahindi ya ghalani, wamesifiwa, bwana shamba kasifiwa, mpaka mwenye ghala kashukuriwa. Yeye hayumo. Nadhani na mwaka jana aliwapelekea hivyohivyo.

"Nani alikaa kwenye lile ghala, anachambua mahindi yaliyotobolewa na dumuzi?"

"Tulikaa, Bibi."

"Wewe na nani? Na panya?"

Akacheka, lakini kidogo. "Bibi, nikiandika nilifanya mimi, si wataona naringa?"

Hapo nikaweka ungo chini.

Maana hayo ni maneno yangu. Sisi watu wa Mbozi mtoto hajisemi. Akifanya vizuri, wakubwa ndio wanamsema, yeye anaangalia chini. Wote nimewalea hivyo na sijutii. Mtu anayejipigia vigelegele mwenyewe mpaka leo simpendi. Lakini hao wa chuo hawana jirani hapa Chapwa wa kumuuliza. Watamjulia wapi?

Nikamwambia, basi nitakusema mimi, wewe andika. Mkubwa akimsema mtoto, hakuna adabu iliyovunjika.

Nikaanza. Wakulima walipoikataa ile mifuko ya kuhifadhia mahindi, isiyopitisha hewa, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba, anaongea Kindali kibovu mpaka wakamcheka, na walipomaliza kumcheka wakaichukua. Hesabu zake zilipokataa kulingana, alirudia kazi yote toka mwanzo, na wala hakukuwa na mtu wa kumchungulia. Mvua ilipokata barabara, alitembea.

"Bibi, hiyo ya kutembea hawaitaki."

"Andika."

Akaandika. Baadaye akaifuta, akidhani sioni.

Nikamuuliza, na huko masta unafuata nini hasa? Akanijibu bila hata kuinua kichwa: anataka kujua kwa nini ghala moja linaliwa lote na la jirani linapona. Nikamwambia, mama wee, si uanze na hilo!

Tumefuta, tumeandika, tumefuta tena. Chai imepoa, maharage yamelala kwenye ungo. Jua linashuka ndio mwalimu, tuliyemtumia tena, akasema, haya, sasa namwona mtu. Tumaini akatuma.

Sijui kama watamchukua. Wanaoomba ni wengi, na kila mmoja ana bibi yake. Wakimkataa tena nitaumia kuliko yeye, na hatajua.

Ila kuna kitu kimenikaa hapa kifuani. Katikati ya kumsema, aliacha kuandika, akanitazama kana kwamba mimi ni mgeni niliyeingia ndani.

"Bibi, kumbe ulikuwa unayaona?"

Nilikuwa nayaona. Yote. Nimewasimulia majirani, nimewasimulia kanisani, nimemsimulia hadi muuza nyanya.

Yeye sijawahi.

Sasa hivi yuko uani anaosha vyombo. Chuo wajibu wanavyotaka, hayo ni yao. Mimi nainuka, magoti yapige kelele, yakichoka yatanyamaza, namfuata hukohuko nimwambie tena. Na safari hii asiandike chochote.